Chumba cha Mbele cha Fundi Jicho

"Hivi, shoga yangu, ukifumba macho leo, hiki chumba cha mbele kitakuwa cha nani?"

Aliyeuliza ni jirani yake muuza mayai, asubuhi moja, amejimwaga kwenye kiti cha mikono kana kwamba aliachiwa na babu yake. Fundi alikuwa anatunga uzi kwenye sindano. Hakuinua kichwa.

"Naona umeshaanza kunipimia sanda," akamjibu. "Subiri basi nimalize hii sketi ya watu."

"Toba! Mimi nimeuliza tu. Kuuliza si ujinga."

"Wewe huulizi, wewe unakagua."

Wakacheka mpaka muuza mayai akashika mbavu. Kisha akabeba trei zake akaenda zake sokoni. Yeye aliondoka, swali lake likabaki. Likakaa mle chumbani kama mgeni asiyejua kuaga.

Watu walimwita Fundi Jicho kwa sababu hakuwa na desturi ya kumpima mtu kwa futi. Ukiingia mlangoni anakutazama mara moja, kuanzia mabegani kushuka chini, halafu anakwambia, "Njoo Ijumaa." Ijumaa ukija, nguo inakukaa kama ulizaliwa nayo. Mzee mmoja mgeni mtaani aliwahi kulisikia jina hilo akaja na chekea imemvimba kwenye kope, akakaa kwenye benchi akingoja dawa. Fundi hakumcheka. Alimpa maji ya moto na kitambaa safi ajikande, akamkazia na kifungo cha shati kilichokuwa kinaning'inia, na mzee akaondoka akiisifu tiba.

Futi alikuwa nayo. Marehemu mumewe alimnunulia walipooana, na ilikuwa imekunjwa vile vile ndani ya droo, mikunjo yake imekauka. "Mwenye macho haambiwi tazama," ndivyo alivyokuwa akisema kila alipoulizwa kwa nini haitumii.

Mume huyo alikuwa mwashi, na chumba kile alikijenga kwa mikono yake mwenyewe, tofali juu ya tofali, kila alipopata nafasi. Kilikuwa na mlango mpana unaotazama barabara na dirisha kubwa la kuingiza mwanga wa kushonea. Ndani mlikuwa na vyerehani viwili. Kimoja ni kile cheusi cha kukanyaga kwa miguu, na cha pili cha umeme, ambacho Fundi alikiita bibi harusi kwa sababu bila kubembelezwa hakiendi. Ukutani palikuwa na meza ya pasi na benchi. Nyuma ya chumba ulikuwa ua, wenye bomba la maji na choo, halafu nyumba ya kulala, vyumba viwili. Hayo ndiyo yaliyokuwa mali yake yote hapa duniani, na kila siku alipofungua mlango alimshukuru Mungu kwa hayo.

Mtoto alimpata mmoja tu, wa kike. Alikuwa msusi. Alipanga kona katika saluni ya mtu mwingine, kona nyembamba ambayo ukigeuka na kitana mkononi unamchoma mwenzako. Jioni akitoka kazini alipitia kwa mama yake, akavua viatu, akaweka miguu ndani ya beseni la maji baridi, wakanywa chai.

Sasa, kuna jambo moja ambalo jicho la Fundi lilishindwa nalo, na hilo ndilo lililomfanya asilale na swali la jirani kwa raha.

Miaka ya nyuma alikuja mama mmoja amembeba mgongoni binti yake wa umri wa kuanza shule. Mikono ya mtoto yule ilikuwa imejikunja kifuani na kukaza tangu kuzaliwa, na miguu yake haikuwa na nguvu. Mama alitaka gauni lenye ua kifuani, kama wanalovaa watoto wengine. Fundi akamtazama mtoto kwa jicho lake lile lile, akashona. Gauni likatoka zuri, hata akalitundika dirishani wapita njia walione. Waliporudi kulijaribu, mkono haukupita. Kila walipouvuta kidogo, mtoto alilia, na hakikuwa kilio cha deko, kilikuwa kilio cha mtu anayeumia huku anaona haya. Ikabidi Fundi achukue mkasi alikate gauni lake mwenyewe, toka begani hadi kwapani na kushuka ubavuni, mtoto akiwa ndani.

"Pole, mjukuu wangu," alisema. "Bibi hakuona."

"Ua halijakatika," mtoto akasema.

Mkato ule ndio uliozaa mtindo. Fundi alimwomba yule mama ambadilishe mtoto nguo mbele yake, polepole, naye akaketi akatazama mkono unapokwama na mgongo unapochunwa. Tangu hapo akashona nguo zinazofunguka begani na ubavuni, zinazofungwa kwa utepe wa kunata. Kwa mtoto anayelalia upande mmoja, mishono ya upande huo aliigeuza nje, isimkwaruze. Mama yule alikuwa akimpeleka mtoto katika kituo cha kulea watoto wenye ulemavu, huko juu mwisho wa barabara, wanakonyooshwa viungo. Akawaambia wenzake. Wenzake wakaja, na wengine wa mbali nao wakaja. Fundi akatandika godoro dirishani, watoto walale pale mama zao wakisubiri. Mama wawili kati yao aliwafundisha, wakashika kazi vizuri, lakini kwao hawakuwa na cherehani wala pa kumlaza mtoto wakiwa wanashona. Walishona hapo hapo, kwa Fundi.

Ndiyo maana swali la muuza mayai lilimkaa rohoni. Kifo hakipigi hodi. Akiondoka yeye, mlango ule ukifungwa, mtoto wa mkono uliokaza atashonewa wapi?

Alisali, akawaza, akasali tena. Mwisho akaamua. Nyumba ya nyuma iwe ya binti yake. Chumba cha mbele na vyerehani vyote viwili viende kwa watoto wa kituo, viwe sadaka yake ya mwisho.

Shida ilikuwa binti. Jioni moja binti alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake, akautazama ukuta wa kulia muda mrefu, akasema, "Hapa kioo kingekaa vizuri, mama." Basi. Neno moja tu. Lakini Fundi alimtazama toka mabegani kushuka chini, akajiambia, huyu anakitaka chumba, nikimwambia atakataa, na akikataa sitakuwa na nguvu ya kumpinga. Bora nisimwambie. Azikwe mama kwanza, wosia usomwe, mambo yaishe.

Akaandika wosia wake kwa mkono, kwa herufi kubwa kubwa. Akawaita mashahidi wawili, muuza mayai na fundi viatu wa ng'ambo ya barabara. Na kwa kuwa moyo wake haukuwa mchoyo, akaongeza mstari mmoja: kiti cha mikono apewe jirani yangu muuza mayai, maana ndiye anayekikalia.

"Siri hii," akawaambia, "iishie hapa."

"Mimi tena?" muuza mayai akasema, ameweka mkono kifuani. "Mimi ni kaburi."

Kaburi lile lilifunguka saluni. Alikuwa amekaa kusukwa, nusu ya kichwa tayari, nusu bado, na raha ya kusukwa unaijua, mtu hulegea mpaka ulimi. Akajisifu mbele ya wote. "Mwenzenu kile kiti cha mikono cha Fundi ni changu, kimeandikwa kabisa. Wengine hata chumba hawakupata!"

Vidole vya binti wa Fundi vikasimama kichwani mwake.

Binti aliingia kwa mama yake na kitana bado kimechomekwa kwenye aproni.

"Mama, unaumwa?"

"Siumwi."

"Basi mbona mirathi yako inagawanywa saluni?"

Fundi alisimamisha cherehani. "Jirani huyu, jamani!"

"Usimsingizie jirani. Mdomo wake unajulikana, hata mayai yake yanaujua. Nakuuliza wewe."

"Mwanangu, nilikuona. Siku ile ulisimama hapo ukautazama ukuta. Ukasema mambo ya kioo."

"Nilisema. Na chumba nilikitaka, na bado nakitaka, sitakudanganya. Miguu inaniwaka moto kule kwenye kona ya watu. Lakini ulinisikia nikisema wale watoto wakose?"

"Niliogopa ungekataa."

"Labda ningekataa. Labda ningelia, halafu ningekubali. Sasa hutajua kamwe! Nimeshika nywele za mtu mkononi nasikia habari za kifo cha mama yangu. Umenikadiria kwa jicho, mama, kama unavyowakadiria wateja. Mimi si sketi."

Akatoka. Jioni ile beseni lilikaa kavu. Kesho yake pia, na keshokutwa. Fundi alichemsha chai ya watu wawili kwa mazoea, akainywa peke yake. Akipiga magoti kusali hakujua aanze na lipi. Akiuchana wosia, atakuwa amewafungia watoto mlango. Akiuacha kama ulivyo, watoto watapata chumba na yeye atakuwa amempoteza binti wa pekee angali hai.

Fundi viatu ndiye aliyemsukuma. Alivuka barabara na gundi mikononi, akasema, "Fundi, karatasi ile nilitia saini kwa heshima yako, lakini sina hakika kama ina miguu ya kusimama. Mpelekee wakili aitazame."

Wakili alikuwa mwanamke wa makamo ya binti yake, ofisi ndogo ya ghorofani, pangaboi linalia juu. Alimkaribisha vizuri, akausoma wosia pole pole, kisha akavua miwani.

"Mama, moyo wako nimeuona. Sasa tuangalie mambo. Huyu jirani aliyetia saini, ndiye huyu wa kiti?"

"Ndiye."

"Basi hawezi yote mawili. Shahidi wa wosia hatakiwi kuwa mtu anayepata kitu ndani yake. Ama kiti, ama saini."

"Huyo atachagua kiti," Fundi akasema, na kwa mara ya kwanza wiki ile akacheka kidogo.

"Lingine. Hawa watoto watatumia choo gani? Na maji?"

"Vya uani."

"Ua umempa binti."

Fundi akaivuta karatasi, akautafuta mstari wa ua.

"Na kituo chenyewe, mama, wanakitaka chumba? Umewauliza?"

Pangaboi likalia. Fundi aliitazama mikono yake. Hakuwa amewauliza. Aliona shida yao, akaona dawa yake, akakata kitambaa. Na ua aliukata katikati bila kujua, kama mtu aliyebandua mfuko akaacha shati na tundu. Hakuwa amemuuliza mtu yeyote, isipokuwa Mungu, na hata Mungu, akifikiri vizuri, alimwambia tu alichokwisha kuamua.

"Wosia si kitu cha kuficha chini ya godoro," wakili akamwambia kwa upole. "Wanaobaki wakiujua mapema, hugombana mapema na wewe upo wa kuwapatanisha. Nenda kawaulize, kisha urudi."

Alifika nyumbani, akafungua droo, akaitoa ile futi ya mumewe. Akainyoosha mikunjo kwa pasi ya vuguvugu, akaivaa shingoni kama mafundi wengine wote. Asubuhi akapanda kwenda kituoni.

Mlezi mkuu wa kituo alimpokea barazani, mtoto mmoja amelala mapajani mwake. Alimsikiliza hadi mwisho, machozi yakamlengalenga, halafu akasema neno ambalo Fundi hakulitegemea.

"Chumba tukipewa hivi hivi, bibi, kitatushinda. Sisi tuko wachache, hatutoki hapa. Nani atafungua mlango? Nani atafagia? Mtu akipachika kufuli lake pale, tutajua lini? Tunachokosa sisi ni mwenyeji."

Fundi alishuka na barabara akifikiri. Hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja saluni, akakaa kwenye benchi la wateja, akasubiri zamu yake kama mtu baki. Zamu ilipofika, binti alisimama nyuma yake, akamfungua kitambaa cha kichwa. Nywele za mama zilikuwa zimejaa mvi na kukosa mafuta.

"Hizi hujazichana tangu lini?" binti akauliza.

"Tangu uache kuja."

Kitana kikapita, taratibu. Mtu hamchani mama yake kwa hasira, mkono wenyewe hukataa.

"Mwanangu, leo nimekuja kukuuliza. Sikuja kukuambia. Kile chumba unakitakaje? Nieleze mpaka mwisho. Sitakukatiza."

Binti alitenga fungu la nywele, akalichana mpaka mwisho. Msusi wa kona ya pili alijifanya anatafuta mafuta, masikio yamesimama.

"Nataka ukuta wa kulia," binti akasema. "Kioo, kiti kimoja cha wateja, na sinki. Nataka niwe na mlango wangu, nifungue nikitaka, nisiombe ruhusa ya mtu kwenda kunywa maji. Ni hivyo tu. Upande wa dirishani sikuwahi kuutaka, mama. Godoro lile mimi ndiye ninayelianika. Ulifikiri hujianika lenyewe?"

Fundi akafumba macho. Kweli, godoro lile halikuwahi kunuka hata siku moja, naye hakuwahi kujiuliza kwa nini.

"Na ukuta wa kushoto? Na dirisha?"

"Wa wale watoto. Uani wapite, choo watumie. Kushona sijui, hata kifungo kinanishinda. Lakini ufunguo naweza kuushika. Nikizeeka nikachoka, basi chumba chote kiwe chao, ukuta wangu pia." Kitana kikasimama. "Lakini usidhani kidonda kimepona. Bado kinaniuma jinsi nilivyosikia."

"Kiache kiume, mwanangu. Ni haki yako. Nisamehe."

"Nimesikia. Inamisha kichwa, huku nyuma pamesokotana kama kamba ya mbuzi."

Walikwenda kwa wakili pamoja. Muuza mayai naye aliburuzwa, kwa kuwa ilibidi achague.

"Kwa hiyo nikitia saini, kiti hakuna?"

"Hakuna," wakili akasema.

"Na nisipotia, kiti kipo?"

"Kipo, Mungu akimchukua Fundi kabla yako."

Muuza mayai akamtazama Fundi, akatazama kalamu, akairudisha mezani kwa adabu zote. "Saini atie mwingine. Ila shoga, usijiharakishe kwa ajili yangu. Kiti nitaendelea kukikalia hivyo hivyo, ukiwa hai."

Saini akatia fundi viatu, na mwingine akawa karani wa ofisi ya jirani, ambaye hakuwa anapata hata sindano. Mlezi wa kituo alikuja kusikia kwa masikio yake. Wakili akaandika mambo ya sheria kwa lugha ya sheria, akamtaja binti kuwa msimamizi wa mirathi, kisha akamwambia Fundi aseme ombi lake kwa maneno yake mwenyewe, nayo yataandikwa chini kama atakavyoyasema.

Fundi alisimama, ingawa hakuna aliyemwambia asimame. Futi ilikuwa shingoni. Alimtazama binti yake, na mara hii hakuanzia mabegani, alimtazama usoni. Binti akamwitikia kwa kichwa, endelea. Akasema:

"Naomba chumba changu cha mbele kiwe cha watoto wa kituo na cha binti yangu pamoja, maisha yake yote, na baada yake kiwe cha watoto. Ufunguo ashike yeye. Vyerehani ni vya yeyote atakayewashonea. Kiti ni cha jirani. Na kila mtoto atakayeletwa pale, hata kama fundi ana jicho zuri namna gani, naomba apimwe kwa futi, na aulizwe panapouma."